Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Kila nikifika kijiweni swali ni lile lile: "Bosi Beka, mtu mzima, gari lako mwenyewe, umerudije Ngamiani pekupeku?" Nikianza kujibu mnanikatiza, mmoja anacheka, mwingine anaagiza kahawa, mambo yanaharibika. Kwa hiyo nimeandika. Mimi niliishia darasa la tano, mnajua, lakini kalamu hainishindi, kama maisha hayakunishinda. Someni mpaka mwisho ndipo mniulize viatu.

Kutoka Ngamiani

Hakuna harusi ya maana wala msiba wa maana katika mji huu usiokaliwa kwenye viti vyangu. Nilianza na mkeka mmoja wa kuazima, leo nina maturubai, viti, masufuria ya pilau na pikapu nyeupe yenye maandishi ubavuni: BOSI BEKA, SHUGHULI ZOTE. Hayo nayasema si kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Mke wangu Hawa mnamjua, lakini kazi yake mnaijua nusu. Alianza na kikundi cha maigizo, wakizunguka vijijini kuwaambia watu wachimbe vyoo. Wakaingia kwenye majukwaa ya kumbi za shule. Kisha wakaja vijana wenye kamera moja na taa ya kuazima, wanatengeneza sinema bila mfadhili, wanaonyesha ukutani, wanahama. Kwenye zote hizo Hawa alikuwa mama mkwe mbaya au mchawi. Kuna mwanamke sokoni alikataa kumuuzia dagaa. "Siuzi," akasema, "wewe ulimroga mkweo, nimekuona kwa macho yangu haya." Hawa alirudi nyumbani kikapu kitupu, anacheka mpaka anakaa chini. Nikamwambia, mke wangu, hicho ndicho cheti chako, kitundike ukutani.

Safari hii ilikuwa ndiyo ya kwanza kupewa sinema awe yeye mwenye hadithi. Miaka ishirini na ushei ya kusimama pembeni, sasa kati. Anacheza mjane ambaye mumewe kapotelea baharini. Na sehemu kubwa kuliko zote ni moja: mjane anasimama peke yake kwenye fungu la mchanga katikati ya maji, anatoa kilio kimoja. Kimoja tu. Lile fungu lipo mbele ya pwani ya Pangani na halionekani isipokuwa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yakikauka sana. Mwongozaji, binti mmoja anaitwa Neema, alimpigia simu mbele yangu.

"Dada Hawa, kesho asubuhi maji yakitoka uwe mchangani. Usipokuwepo anaingia yule wa akiba."

"Nitakuwepo," Hawa akajibu.

"Fungu halinisubiri mimi, na wewe halitakusubiri. Na kamera narudisha kesho kutwa."

Yule wa akiba ni kibinti cha miaka ishirini na kidogo, anajua kulia hata kwa kukosa vocha.

Sasa tatizo mnalielewa wenyewe, nyie watu wa pwani. Kilio hakifanyiwi mazoezi nyumbani. Ukipiga ukunga Ngamiani, kabla hujafunga mdomo wanawake wameshajaa uani na kanga viunoni, na wanaume wanauliza nani kaenda kwa shehe. Kilio ni wito. Hawa alishika maneno yote ya sinema, lakini kile kilio hakuwahi kukijaribu hata mara moja. Alikuwa anaondoka hajui kama anacho.

Pongwe mpaka Muheza

Neema alitaka pia turubai moja na viti, watu wake wapate kivuli. Nikapakia. Usiku uliotangulia nilikuwa na harusi, sikulala, lakini mimi ni chuma. Hawa alitaka tupite njia ya pwani, Tongoni, tunyooke moja kwa moja. Nikamwambia ile njia ina matengenezo, vumbi litaharibu turubai, tuzunguke Muheza. Ukweli wenyewe, pale Pongwe kuna bwana ananiletea ushindani wa viti, nilitaka anione nikipita na mzigo.

Akaniona. Nikapiga honi. Hakuitikia, lakini aliniona.

"Umefurahi?" Hawa akauliza.

"Sana."

"Haya, sasa endesha."

Muheza tulikula machungwa na mihogo ya kukaanga, mimi nikaongeza na supu. Hawa hakumaliza hata chungwa moja. Alikuwa anatazama jua.

"Baba Swaleh, nikifika pale nikafungua mdomo kisitoke, je?"

"Kitatoka. Nakujua, ukinigombeza unasikika Mkwakwani."

"Kugombeza siyo kulia."

Nikamwambia asijali, meneja wake ni mimi.

Penye mkonge

Njia ya kutoka Muheza kwenda Pangani inapita mashamba ya mkonge, safu baada ya safu, huoni mtu. Hapo mshale wa joto ukapanda, moshi ukatoka mbele. Rejeta imetoboka. Msinicheke, gari ni chuma, nacho huchoka. Mimi fundi sihitaji: nikaegesha chini ya mti, nikaziba tundu kwa sabuni ya mche na kipande cha mpira, nikasema ipoe, tusubiri saa moja, jioni tutakuwa kivukoni, tuvuke mto hadi kambini kwa Neema.

Nikapanda nyuma ya pikapu, nikajinyoosha juu ya turubai katikati ya viti. Nzi wa pale wana uadui. Nikachukua kitambaa changu cha meza, kimoja cha vile vyeupe vya harusi, nikajifunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Makubadhi yangu, yale ya ngozi yaliyoshonwa kwa mkono, nikayapanga pembeni. Nikalala. Nikilala mimi nimelala.

Hawa alitazama kushoto, akatazama kulia. Mkonge mtupu. Akaona hapa ndipo, hapa hakuna wa kumsikia. Akashika ubavu wa gari, akafunga macho, akalia. "Mume wangu! Mume wangu kaniacha njiani!" Akalia tena. Aliniambia baadaye kwamba mara ya tatu kilikuja chenyewe, kikamtisha hata yeye.

Hakujua kwamba nyuma ya ile safu ya mwisho ya mkonge kuna kijiji.

Sasa jiwekeni nyie. Mwasikia mwanamke anamlilia mume. Mwakimbia, mwakuta gari limesimama, nyuma kuna turubai, viti vya msiba, na mtu mrefu amefunikwa nguo nyeupe gubigubi, viatu pembeni. Ubavuni pameandikwa SHUGHULI ZOTE. Mngeuliza nini? Wanawake walimkumbatia Hawa wakalia naye. Yeye akasema, "Sikilizeni, mie naigiza tu," wao wakamwambia, "Pole mama, lia, usijizuie." Kadiri alivyosema si kweli ndivyo walivyozidi kumshika. Mjane gani anayekubali siku ya kwanza? Vijana wenye majembe hawakusubiri hata jina, wakaenda kuchimba. Mgeni aliyefia njiani anazikwa na waliomkuta, na jua lilikuwa linashuka.

Mimi nilizinduka nasikia sauti ya mzee juu ya kichwa changu.

"Huyu mtu mzito. Tutamtoa wangapi?"

"Sita."

"Kwa kitambi hiki? Wanane."

Nikakaa. Ndugu zangu, sijawahi kuona watu wakipotea haraka namna ile. Mmoja aliingia kwenye mkonge kifudifudi, miiba ile, akawa anapiga kelele kuliko mjane. Aliyebaki ni mzee mmoja tu, amesimama wima na fimbo, ananitazama kama anayekagua ng'ombe.

"Wewe u hai?"

"Shikamoo mzee. Ni hai."

"Marahaba. Basi umetuingiza taabani."

Huyo ndiye Mzee Mhina, mkubwa wa pale.

Kaburini

Nilitoa maelezo yangu vizuri, kwa heshima, nikacheka ili nao wacheke. Hawakucheka. Watu walirudi mmoja mmoja, wakatuzunguka. Mzee Mhina akasema kaburi limekwisha chimbwa, udongo uko juu, na kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Lisipopata wa kwake litamwita mwingine. Lazima uzikwe mgomba kwa jina la aliyechimbiwa, na mwenye kilio amlilie.

"Mgomba kwa jina langu?" nikasema. "Mimi, Bakari, mwenye watoto wanne na magari, nizikwe na nipo? Siafiki. Fukieni hilo shimo, sisi tuna safari, kuna kivuko kinafungwa!"

Mwalimu wa madrasa alikuwepo. Nikamgeukia aniokoe. "Maalimu, hili limo kwenye dini?"

"Kwenye dini halimo," akajibu. "Ila shimo lipo."

Nikapanda garini. Vijana wakakaa barabarani mbele ya bampa, wamekaa tu. Nikapiga honi. Nikapandisha sauti, nikataja watu wakubwa ninaowajua Tanga. Hawakuwajua. Jua likazidi kushuka, na mimi namwona Hawa anavyolitazama, uso wake umekauka. Ningekubali pale pale tungekwisha kwenda. Nikaendelea kubishana.

Ndipo akaja bibi mmoja mwenye kilemba cha njano na msalaba kifuani, Bibi Agnesi, wa zile familia zilizoletwa zamani kukata mkonge. Alikuja mpaka dirishani.

"Baba, ndani kwangu yumo binti yangu. Uchungu umemshika toka alfajiri. Wewe unataka niache shimo wazi?"

Hawa akafungua mlango, akazunguka upande wangu, akaniwekea mkono begani.

"Mume wangu, kubali ufe nusu saa."

Nikakubali.

Wakakata mgomba, wakaupima nami ubavu kwa ubavu, wakaukata sawa na urefu wangu. Wakaufunika kitambaa changu kile kile cha meza. Wakauliza kabila langu, nikasema Mdigo. Hapo nilikosea tena. Mzee Mhina ni Mbondei, na akatokea Mzigua mmoja mwembamba, macho yakamng'aa: watani! Na mtani ana ruhusa ya kumcheka marehemu hata kaburini. Yule Mzigua akarukia ndani ya kaburi, akalala chali, akasema hatoki mpaka marehemu aseme magari yake ni mangapi. Kisha akasimama, akatoa tumbo mbele, akatembea kama mimi. "Mimi, Bakari! Honi! Piii! Mnajua mimi namjua nani?" Watu wote wakaangua kicheko, hata aliyechomwa na mkonge.

"Na huyu mke akae eda?" mwanamke mmoja akauliza.

"Akae ya mgomba," mwingine akajibu. "Mpaka utoe ndizi."

Mimi nimesimama pale pembeni ya kaburi langu, mikono sijui niiweke wapi.

Halafu mgomba ukashushwa, na vicheko vikakatika kama uzi. Wanawake wakamtazama Hawa. Nilidhani ataigiza. Mimi kuigiza kwake nakujua, nimeona mara ngapi, najua akivuta pumzi hivi ndio anaanza. Safari hii hakuvuta pumzi. Alitazama ule mgomba, urefu wangu, kitambaa changu, udongo wa kwanza ulipolia juu yake, na akalia. Sitaki kukieleza kile kilio. Niliwahi kufunga maturubai kwenye misiba mia, nikasikia vilio vya kila namna huku napanga viti, havikunifika. Hiki kiliniita mimi. Nilitaka kusema nipo, mke wangu, nipo hapa. Kila udongo ulipoingia akalia tena, na wanawake wakampokea, mpaka shimo likajaa.

Giza likatukuta hapo. Kivuko kimefungwa. Tukalala kwa Bibi Agnesi, chumba cha nje, wakunga wakiwa ndani na binti yake, akatupa ugali na mchicha wa nazi. Wakati wa kula Hawa akamwuliza, kwa sauti ya mkwaruzo, kama mumewe bado yupo.

"Alifariki. Kiwandani, siku ya kazi."

"Ulilia sana?"

"Mie? Sikulia." Akasukuma bakuli la mboga kwake. "Watu wamejaa, wanalia, mie nachukua viatu vyake navipanga mlangoni. Navigeuza vitazame ndani, kama vya mtu aliyekwisha ingia. Mtu akivisogeza, navirudisha. Ndiyo kazi niliyoifanya siku nzima. Kula mwanangu."

Pangani, kivukoni

Alfajiri tuliamshwa na vigelegele. Binti wa Bibi Agnesi kajifungua salama. Mzee Mhina akaja mwenyewe kutusukumia gari, akaniambia, "Nenda marehemu." Nikageuka kumwambia Hawa, waona, mambo yamenyooka. Akafungua mdomo kunijibu.

Hakuna sauti. Upepo tu.

Ndugu zangu, nimewahi kupoteza turubai zima kwenye dhoruba, sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Kilio alichokitafuta kakiacha chote kwenye mgomba wangu. Nikasimama kila penye genge: tangawizi, asali, yai bichi, karafuu atafune, namwambia usiongee, tunza. Alikuwa anatikisa kichwa. Alinionyesha kwa kidole: mbele, endesha.

Kivukoni foleni. Mbele yetu lori la mbao limekwama kwenye mlango wa pantoni, halipandi wala halishuki, na mto unashuka kila tukiutazama. Nguzo za gati zilianza kuonyesha matope. Mto ukishuka na bahari imeshuka, na bahari ikishashuka hurudi. Nikamwendea dereva wa lori, sikujitapa, niliomba. Nikatoa mbao zangu za kusimamishia turubai, tukaziweka chini ya matairi, mimi nikasukuma kwa bega hili. Lori likatoka. Upande wa pili nikaendesha ile njia ya mchanga kama mwizi.

Tulipofika kambini, boti la Neema lilikuwa limekwisha ondoka. Tuliona kwa mbali mstari mweupe wa mchanga, na juu yake watu kama njiti za kiberiti. Mmoja wao alivaa kaniki nyeusi, nguo ya mjane.

Hawa aliiona kaniki. Akaketi juu ya mchanga pale pale. Mimi nikaingia majini na nguo zangu, nikamwita nahodha mmoja wa boti la mashine aliyekuwa anapakia watalii. Alikataa. Wale watalii wenyewe, baada ya kumwona Hawa usoni, wakashuka.

Fungu la mchanga

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Fungu lilikuwa refu kama kiwanja cha mpira, na upande mmoja ulikwisha anza kulika. Kibinti cha akiba kimevaa nguo za mjane, kimejaa machozi tayari. Neema akatutazama, akatazama maji.

"Dada Hawa, sina dakika. Vaa. Nipe kilio."

Nikajaribu kusema jambo. Hawa akanibana mkono. Akavaa ile kaniki, akaenda katikati ya mchanga, akasimama. Kamera ikawaka. Akafungua mdomo. Shingo ikasimama mishipa, mikono ikakunja ngumi. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Niliona yule binti anaanza kusogea mbele, taratibu, kwa adabu, na Neema ameinua mkono kumruhusu.

Hawa akageuka, akanitazama mimi. Akanionyesha miguu yangu.

Sikuelewa. Akaonyesha tena, kwa hasira, kama anavyonionyesha nyumbani nikikanyaga mkeka. Nikavua makubadhi, nikamrushia. Akayaokota. Akapiga magoti, akayapanga kwenye mchanga pamoja, sawasawa, vidole vikitazama nchi kavu, vikitazama kwetu. Akakaa nyuma ya viatu, akatulia.

Maji yakaja, yakageuza kimoja. Akakirudisha. Yakaja tena, yakageuza vyote. Akavipangusa mchanga kwa upindo wa kaniki, akavirudisha, akavilinganisha. Nikamwona Neema ameshusha mkono. Nikaona mwenye kamera anapiga magoti ndani ya maji. Hawa hakulia. Alirudisha. Wimbi likachukua kimoja likaenda nacho, na yeye akakipanga kile kimoja, akaacha nafasi ya mwenziwe ubavuni. Halafu na hicho kikaenda. Akabaki amepiga magoti, mikono miwili inalinganisha mchanga mtupu, maji yamefika kiunoni.

Yule binti wa akiba alikuwa wa kwanza kukimbia kwenda kumwinua. Alikuwa analia kweli, kamasi na yote.

Neema akauliza, kwa sauti ndogo, "Tunaweza kurudia?"

Nikamwambia, "Viatu viko njiani kwenda Pemba."

Kurudi

Tulirudi kwa njia ya Tongoni, kama alivyotaka toka mwanzo. Matengenezo yenyewe yalikuwa kipande kidogo tu. Nilikanyaga klachi kwa unyayo mtupu mpaka tunaingia mjini. Hawa sauti yake ilirudi siku ya tatu, na neno la kwanza lilikuwa kuniuliza kitambaa cha meza kiko wapi.

Sinema haijatoka. Neema kasema kile kilio kakifuta kabisa kwenye hadithi, mahali pake kaweka viatu.

Makubadhi mapya nimeagiza kwa fundi yule yule. Yakija, mtaniona nayo kijiweni, na nitayasifu, mnanijua. Ila tangu turudi, jioni nikiingia nyumbani na ndala zangu hizi, navua mlangoni, nainama mwenyewe, nazigeuza zitazame ndani. Hawa akipita huzitupia jicho, kisha huenda jikoni.